Mabanda ya teknolojia ya picha kwenye maonesho ya ubunifu ya chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wageni hutuuliza tukiwa tumesimama nyuma ya meza, tangu milango inapofunguliwa hadi tunapokunja nyaya. Mengine ni ya wageni, mengine ya walimu wanaokuja na wanafunzi wao, na machache ni ya wanafunzi wanaotaka kuwa na banda lao. Nimeyaacha yajipange jinsi yanavyokuja.

"Teknolojia ya picha" ndiyo upigaji picha?

Upigaji picha ni mtoto mmoja tu wa familia hiyo. Humo imo kila njia ya kupima kitu, kisha kipimo kikageuzwa kuwa kitu cha kutazamwa. Simu yako inapima mwanga. Kamera ya joto inapima infraredi, yaani mnururisho usioonekana kwa macho ambao vitu hutoa kwa sababu ya joto lake. Ultrasaundi inapima muda ambao mwangwi wa sauti unachukua kurudi. MRI, mashine ya hospitali inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inasikiliza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye maji na mafuta ya mwili. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoona. Zote zinapima, na kompyuta ndiyo inayochora.

Kwa hiyo ukifika banda lolote, swali la kumbana nalo mwanafunzi ni hili: "Hapa mnapima nini hasa?" Anayelijua banda lake atafurahi. Asiyelijua ataanza kusoma bango lililo nyuma yake.

Mimi sayansi niliiacha shuleni. Nitaelewa?

Utaelewa kwa mikono. Gusa, puliza, ziba lenzi, sogea karibu, rudi nyuma. Banda ambalo mgeni haruhusiwi kuligusa ni bango lenye umeme, basi.

Kamera ya joto inaona kupitia ukuta? Na nguo je?

Hili ndilo swali la kwanza kila siku, na la pili huulizwa kwa sauti ya chini. Majibu: hapana, na ondoa wasiwasi.

Kamera hizi hupokea infraredi yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14. Kila kitu kilicho karibu nawe kinatoa mnururisho huo, lakini kinautoa kwenye uso wake. Ukuta ukiuelekezea kamera unakuonesha joto la ukuta wenyewe. Shati la kawaida linakuonesha joto la shati. Pale lilipobana mwili pataonekana pamoto zaidi kwa sababu mwili umelipasha.

Raha inaanza ukiomba vitu viwili ambavyo banda lolote zuri linavyo chini ya meza: kipande cha kioo cha dirisha na mfuko mweusi wa taka. Kioo, ambacho jicho lako linakipita bila kukijali, kwa kamera hii ni ukuta mtupu. Ndiyo maana mtu mwenye miwani anatokea kwenye skrini kama amevaa miwani nyeusi ya jua. Mfuko wa taka, ambao jicho lako haliupenyi, kamera inaupita kama haupo. Ukitia mkono ndani yake, vidole vyote vitano vinaonekana vikicheza. Watu huvua na kuvaa mfuko ule mara tatu nne kabla ya kukubali.

Kisha weka kiganja ukutani, hesabu taratibu hadi 10, ondoa. Ukutani hakuna kitu. Kwenye skrini kiganja chako bado kipo, kinang'aa, kinafifia kuanzia kingo za vidole. Watoto huanza kuandika majina yao kwa kidole, na foleni inakwama hapo.

Zile rangi nyekundu na buluu ndizo rangi za joto?

Joto halina rangi hizo. Kamera inatoa namba moja kwa kila pikseli (nukta moja ndogo ya picha), na programu inazipaka rangi kufuata jedwali alilochagua mtu. Bonyeza kitufe kimoja picha ileile inakuwa nyeusi na nyeupe. Picha za darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, zinapitia kazi ya namna hiyo: darubini inapokea infraredi, kisha wataalamu wanazipa mawimbi mafupi rangi za upande wa buluu na marefu za upande wa nyekundu.

Huo si udanganyifu, ila una mtego wake. Kamera nyingi hujipangia kipimo upya kila sekunde kufuata kilicho mbele yake. Ukuta wenye tofauti ya nyuzi 2 tu kati ya sehemu na sehemu unaweza kuonekana kama moto na barafu. Tazama namba pembeni ya skrini kabla ya kushtuka.

Inaweza kunipima homa?

Inapima joto la ngozi, na ngozi hubadilika ukitoka juani, ukinawa uso, ukikimbia ngazi. Kamera nyingi za bei ya chini zina kosa la nyuzi 2 juu au chini, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mzima na mgonjwa. Wanaoifanya kazi hiyo kwa uzito hulenga kona ya ndani ya jicho, na bado huthibitisha kwa kipimajoto. Banda halitoi majibu ya afya.

Kwa nini mnaomba tuje na rimoti ya televisheni?

Kwa sababu ina taa ambayo hujawahi kuiona ikiwaka. Ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza kitufe chochote, tazama skrini: pale mbele patawaka nukta nyeupe yenye uzambarau. Jicho linaishia karibu na nanomita 700. Taa ya rimoti kwa kawaida iko karibu na 940. Sensa ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga, inafika huko bila taabu. Kamera ya nyuma ikikataa, jaribu ya mbele, maana mara nyingi ya nyuma ina kichujio kikali zaidi.

Infraredi yenyewe iligunduliwa bila kamera. Mwaka 1800 William Herschel, mtaalamu wa nyota, alitandaza mwanga wa jua kwa prizimu (kipande cha kioo cha pembetatu kinachotenganisha rangi) akawa anapima joto la kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali ambapo hapakuwa na mwanga wowote wa kuonekana, kikapanda kuliko vyote. Kama banda lina prizimu, kipimajoto na jua zuri, ombeni mrudie jaribio hilo. Linahitaji subira kidogo, na wanafunzi wengi huliacha kwa kuwa halina skrini. Kwangu mimi ndilo bora kuliko yote.

Ile jeli ya ultrasaundi ni ya nini? Mbona baridi?

Baridi ni kwa sababu hakuna aliyeipasha. Kazi yake ni kufukuza hewa. Mawimbi ya ultrasaundi yakikutana na hewa kabla ya ngozi, karibu yote hurudi yalikotoka na skrini inabaki na ukungu. Jeli inaziba upenyo.

Kinachofuata ni hesabu ya mwangwi. Mashine inachukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde ndani ya nyama laini. Inatuma mpigo, inasikiliza, inahesabu: mwangwi uliorudi baada ya mikrosekunde 130 umetoka kina cha sentimita 10. Inafanya hivyo kwa mistari mingi ubavu kwa ubavu, tena na tena, mpaka picha inatembea.

Kwenye banda tunatumia kiwiko hadi vidole. Weka mkono mezani, kiganja juu, kichwa cha mashine kikae katikati ya mkono. Sasa kunja kidole kimoja kimoja. Utaona nyuzi za misuli yako zikiteleza moja juu ya nyingine, na kila kidole kina zake. Karibu kila mtu hapo hutazama mkono wake mwenyewe kwanza, kisha skrini, kisha mkono tena.

Kwa wasiotaka kupakwa jeli kuna bakuli la jelatini lenye zabibu zilizozama. Kazi ni kuhesabu zabibu bila kutazama ndani. Ukifunika bakuli kwa kitambaa, watu wazima hukosea mara nyingi kuliko watoto, sijui ni haraka gani.

Mke wangu ni mjamzito. Mnaweza kutuonesha mtoto?

Hapana, na tafadhali msimwombe mwanafunzi awafanyie "dakika moja tu". Ultrasaundi imetumika hospitali kwa miongo mingi na haina mionzi kama eksirei, lakini kanuni ni kuitumia penye sababu ya kitabibu na kwa aliyefunzwa. Halafu fikiria: mwanafunzi wa uhandisi aone kitu kisicho cha kawaida mbele ya watu 30 waliopanga foleni. Atasema nini? Akinyamaza, mtalala vipi?

Kutakuwa na eksirei? MRI?

Mashine zenyewe, hapana. Eksirei ina mionzi inayoweza kudhuru chembe za mwili, na haipigwi mtu kwa burudani. Iliwahi kupigwa: kati ya miaka ya 1920 na 1950, maduka ya viatu Marekani na Uingereza yaliweka mashine za kumwonesha mteja mifupa ya miguu ikiwa ndani ya kiatu, na watoto walizipenda mno. Zikaja kuondolewa hatari ilipoeleweka. Ile, kusema kweli, ilikuwa teknolojia shirikishi ya picha iliyotangulia mabanda yetu.

MRI nayo ni sumaku. Ya kawaida ya hospitali ina nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, na haizimwi kama taa. Hatuwezi kuileta ukumbini pamoja na funguo na viti vya chuma.

Tunachoweza kukuonesha ni jinsi picha ya CT, yaani eksirei inayopigwa kuuzunguka mwili, inavyojengwa. Kuna boksi lenye taa upande mmoja na kamera upande wa pili. Katikati kuna sahani inayozunguka yenye kitu kinachopitisha mwanga kidogo. Kamera inachukua kivuli chake kwa kila pembe, na kompyuta inarudisha vivuli nyuma hadi ipatikane ramani ya ndani. Acha pembe 4 tu uone picha ilivyo na mistari kama nyota. Weka 20, kisha 180. Hapo mtu anaelewa kwa nini mashine ya hospitali inazunguka.

Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyebuni mashine ya CT, alipofanya jaribio lake la mwanzo maabara alitumia siku 9 kukusanya vipimo vya picha moja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa London mwaka 1971, na mwaka 1979 Hounsfield akagawana tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa ameishughulikia hesabu yake miaka mingi kabla. Kwenye banda letu picha inatoka kabla hujamaliza kuuliza.

Ile picha ya mtu anayeelea hewani ni hologramu?

Mara nyingi, hapana, hata kama bango limeandika hivyo. Kinachofanyika ni kuwekwa kioo au plastiki nyembamba kwa mlalo wa nyuzi 45, na picha ya skrini iliyofichwa inajiakisi humo. Ujanja huu uliwavutia watazamaji London mwaka 1862, ukabeba jina la John Henry Pepper, na unauzwa hadi leo kwa jina lisilo lake.

Hologramu halisi ilibuniwa na Dennis Gabor mwaka 1947, na ilisubiri leza, iliyopatikana mwaka 1960, ndipo ikawa kitu cha maana. Humo hurekodiwa namna mawimbi ya mwanga yanavyokutana, kwa hiyo ukisogeza kichwa unaona ubavu wa kitu uliokuwa umejificha. Jaribu hilo kwenye banda: chungulia pembeni. Kama mtu anayeelea bado ni bapa kama picha ya ukutani, umeshapata jibu, na huna haja ya kumwaibisha mwenye banda.

Kuna banda linalosemwa linaonesha hewa. Kweli?

Kweli, na usiondoke bila kulipita. Linaonekana duni: kioo cha kuakisi cha mviringo kilichobonyea katikati kama sahani, taa ndogo sana, wembe na kamera. Kioo cha upana wa sentimita 15 kinachokusanya mwanga kwenye umbali wa mita 1.2 kinatosha. Taa inawekwa mita 2.4 mbele yake, na mwanga unarudi na kukusanyika kwenye nukta iliyo karibu na taa yenyewe. Hapo ndipo wembe unapoingia: unakata nusu ya nukta ile.

Sasa weka mkono mbele ya kioo. Hewa moto inayopanda kutoka kiganjani mwako inapinda mwanga kidogo mno. Uliopindia upande mmoja unagonga wembe, uliopindia upande wa pili unapita. Kwenye skrini unaona moshi mweupe na mweusi ukipanda kutoka kila kidole, ingawa hakuna moshi. Pumua: pumzi inatoka kama mkia. August Toepler aliifanya njia hii kuwa kipimo cha kisayansi mwaka 1864, na jina lake la Kijerumani, Schlieren, linamaanisha michirizi. Hadi leo hutumiwa kutazama hewa inavyoupita mfano wa ndege.

Kosa la kawaida ni wembe kusogezwa na mgeni aliyeegemea meza. Usiegemee meza ile, tafadhali. Kuurudisha wembe huchukua nusu saa.

Mchezo unaofuata mwili wangu unajuaje niko umbali gani?

Kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza inamwaga nukta nyingi za infraredi usizoziona, kisha kamera inatazama nukta hizo zimehama kiasi gani. Kinect, kifaa cha michezo cha Microsoft cha mwaka 2010, ilifanya hivyo, na maabara nyingi zikaipenda kuliko wachezaji wenyewe. Ya pili inapima safari ya mwanga kwenda na kurudi. Mwanga hutembea kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni, kwa hiyo saa ya humo ndani lazima iwe kali.

Zote mbili zina adui mmoja, jua. Hili nililijua kwa aibu. Mwaka mmoja tulijaribu banda letu ukumbini usiku, likafanya kazi vizuri mno, tukajipongeza. Asubuhi tukahamishiwa kwenye hema lenye turubai jeupe. Jua lilipopanda, miili ya wageni kwenye skrini ilianza kutoboka: kwanza mikono, kisha vichwa, hadi ikabaki miguu iliyokuwa kivulini chini ya meza. Tulihangaika na programu kwa saa mbili, tukabadilisha nyaya, tukawasha kompyuta upya. Mgeni mmoja, mama aliyekuwa amekaa pembeni akimnyonyesha mtoto, ndiye aliyesema: "Mbona mguu wenye kivuli unaonekana?" Jua lilikuwa limeijaza sensa infraredi yake, nukta zetu zikazama humo. Tukafunga shuka nzito upande wa mashariki, mchezo ukarudi. Tangu siku hiyo shuka liko kwenye orodha ya vifaa, juu ya kompyuta.

Kamera imemtambua rafiki yangu, mimi imenikataa. Nina tatizo gani?

Wewe huna. Programu ina tatizo, au taa, au vyote viwili.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Joy Buolamwini na Timnit Gebru ulipima programu tatu za biashara zilizokuwa zikikisia jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikufika asilimia 1. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika hadi asilimia 34.7. Sababu kubwa ni nyuso zilizotumika kuifunza na kuipima kompyuta: nyingi zilikuwa za aina moja.

Banda la mapigo ya moyo lina shida inayofanana nayo, ila chanzo ni tofauti. Pale kamera ya kawaida inatazama uso wako na kutaja mapigo kwa dakika. Kila pigo linaongeza damu kidogo usoni, damu inameza mwanga wa kijani, na rangi ya ngozi inabadilika kwa kiasi ambacho jicho halioni. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo inameza mwanga, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi ishara inayorudi ni ndogo zaidi. Mwanafunzi makini ataongeza taa, atakuomba utulie, na atakuwa amejaribu mashine yake kwa watu wa kila rangi kabla ya siku ya maonesho. Ukikataliwa, mwambie. Akianza kukueleza kwamba uso wako una kivuli, mwambie alete taa.

Picha yangu mnaihifadhi?

Uliza kabla hujasimama mbele ya kamera, na udai jibu la wazi. Mabanda mengi hayana haja ya kuhifadhi chochote: picha inapita, inafanyiwa hesabu, inafutika. Banda linalotaka kubaki na uso wako lieleze litautumia wapi, na kwa mtoto aulizwe mzazi. Kibandiko cha "umekubali kwa kuingia hapa" mimi sikihesabu kuwa ruhusa.

Kuna mtu ambaye hapaswi kuingia baadhi ya mabanda?

Wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wasiingie banda la taa inayopepesa. Taa hiyo hugandisha tone la maji hewani au panga za feni, na ni tamu kutazama, lakini mpepeso wa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio hasa unaoleta hatari. Lazima pawe na tangazo mlangoni, siyo ndani. Wenye kizunguzungu watahadhari na miwani ya uhalisia pepe: macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umesimama, na tumbo ndilo linalolipa. Ukiona jasho, vua.

Na asiyeona?

Aje. Mabanda kadhaa huchapisha picha kwa printa ya 3D zikawa na miinuko ya kupapaswa: uso, ramani, hata sura ya mwezi. Kuna pia meza ya kugeuza picha kuwa sauti, mwanga mkali mlio wa juu, giza mlio wa chini. Nashauri wenye macho nao wafumbe macho wajaribu. Watachelewa kuliko wanavyodhani.

Meza ya vioo vitatu vya rangi ni ya watoto?

Inaonekana hivyo. Unapiga picha tatu za kitu kimoja kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja inatoka nyeusi na nyeupe, kisha projekta tatu zinazirundika ukutani na rangi zinazaliwa. James Clerk Maxwell alionesha jambo hili London mwaka 1861 kwa picha ya utepe. Kuna kichekesho humo: kemikali za picha za wakati ule hazikuhisi nyekundu kabisa, na jaribio halikustahili kufanikiwa. Miaka 100 baadaye ndipo ilipoelezwa kwamba sehemu nyekundu za utepe zilikuwa zikiakisi pia mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa jicho, nao ndio ulioingia kwenye picha.

Simu yako inaendeleza mchezo uleule. Kila pikseli ya sensa imefunikwa kichujio cha rangi moja: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu, mpango wa Bryce Bayer wa Kodak uliopata hataza mwaka 1976. Kila pikseli inapima rangi moja na kukisia mbili kutoka kwa majirani. Yaani theluthi mbili za rangi katika picha ya harusi yako ni makisio.

Nataka banda langu mwaka ujao. Nianzie wapi?

Anza na kitendo kimoja cha mgeni na jibu moja linalotokea ndani ya sekunde tatu. Kama unahitaji kueleza dakika mbili kabla hajagusa, umeshampoteza.

Halafu jaribu banda mahali lilipo, saa ileile, kwenye mwanga uleule (soma habari ya shuka hapo juu). Usitegemee intaneti ya ukumbi. Wageni wote wako humo. Meza moja iwe ya chini, yenye nafasi ya magoti ya aliye kwenye kiti cha magurudumu. Leza iwe ya daraja la 1 au la 2, na hata hiyo isielekezwe usawa wa macho ya watoto. Miwani na vipokea sauti vifutwe baada ya kila mgeni. Bango liwe na maneno machache. Hakuna anayelisoma isipokuwa wewe ukibanwa.

La mwisho wengi hulidharau: mwachie mgeni aharibu. Azibe lenzi, apitishe kitambaa, ajifiche nyuma ya rafiki. Mashine ikikosea mbele yake ndipo anapouliza ilikuwa inapima nini.

Watoto wa umri gani?

Wowote, wakiwa na mkubwa. Miwani ya uhalisia pepe ina umri wake uliotajwa na watengenezaji, fuata huo.

Kuna cha kujaribu nyumbani?

Kipo, na hakihitaji umeme. Chagua chumba kinachotazama sehemu yenye jua na watu. Ziba madirisha kwa maboksi au karatasi nzito hadi kusibaki ufa, kisha toboa tundu la ukubwa wa sarafu ndogo. Ibn al-Haytham alilichunguza jambo hili katika karne ya 11 kwa kupanga taa kadhaa mbele ya tundu: kila taa iliweka doa lake, na alipoiziba moja, doa lake peke yake ndilo lililotoweka.

Funga mlango, kaa, usitazame saa. Dakika tano za mwanzo hutaona kitu, utasema umedanganywa. Kisha ukuta wa pili utaanza kuwa na anga, chini karibu na sakafu. Juu yake miti. Na juu kabisa, karibu na dari, watu wakipita vichwa chini, kila mmoja akielekea upande usio wake.